Magnesiamu Si Dhaifu, Tunaipima Vibaya

Ukiangalia takwimu za uzito peke yake, ungetegemea magnesiamu iwe imeenea kwenye magari, mabasi na ndege kama ilivyoenea alumini. Sentimita moja ya ujazo ya magnesiamu ina gramu 1.74, ya alumini ina gramu 2.70, na ya chuma hukaribia gramu 7.9. Wala si metali adimu: kila lita ya maji ya bahari imebeba takriban gramu 1.3 za magnesiamu, na mwaka 1941 kampuni ya Dow ilianza kuitoa kwenye maji ya Ghuba ya Meksiko, pale Freeport, Texas. Lakini fungua gari la kawaida leo, hata haya yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam na Mombasa baada ya kutumika Japani, na ukiikuta magnesiamu itakuwa imejificha mahali pachache: kiunzi cha ndani cha usukani, pengine kasha la giaboksi, au fremu inayoshikilia dashibodi. Karibu vyote hivyo ni vipande vilivyomiminwa kwenye kalibu metali ikiwa imeyeyuka. Bamba la magnesiamu lililokunjwa likawa mlango, boneti au paa ni nadra mno, na Porsche ilipotoa 911 GT3 RS yenye paa la magnesiamu mwaka 2015, lilikuwa gari la wenye fedha nyingi. Sababu inayotolewa kila mara ni moja, kwamba metali hii haifinyangiki, hupasuka. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Magnesiamu hupasuka ikikunjwa baridi. Ikipashwa moto hubadili tabia, na ikigongwa kwa kasi kubwa hubadili tena, kwa namna ambayo jaribio la kawaida la maabara, linalofanywa polepole kwenye joto la chumbani, haliwezi kuibashiri. Ninachodai hapa ni kwamba kwa metali hii joto na kasi havitenganishiki, na kwamba sehemu kubwa ya sifa mbaya ya magnesiamu imetokana na kuvitenganisha.

Chanzo cha yote kiko kwenye mpangilio wa atomu. Kila metali imejengwa kwa chembe ndogo ndogo za fuwele, na ndani ya kila chembe atomu zimepangwa kwa matabaka. Metali inapokunjwa, matabaka hayo huteleza moja juu ya jingine, kama karata zinazosukumwa mezani. Alumini, ambayo atomu zake hujipanga kwa umbo la mchemraba, ina njia 12 za kuteleza zilizoelekea pande mbalimbali, kwa hiyo haijali sana nguvu inatoka wapi. Magnesiamu hujipanga kwa umbo la pembesita, na matabaka yake yanayoteleza kwa urahisi yamelala yote upande mmoja tu. Mwaka 1928 mwanahisabati Richard von Mises alionyesha kwamba ili umbo la kitu libadilike kwa namna yoyote ile bila kuleta nyufa, zinahitajika njia tano za kuteleza zisizotegemeana. Matabaka hayo ya magnesiamu, yaitwayo matabaka ya msingi, yanatoa mbili. Njia nyingine zipo, lakini zimefungwa: katika fuwele moja ya magnesiamu safi, tabaka la msingi huanza kuteleza kwa mkazo usiofika megapaskali moja, wakati njia zile nyingine, kwenye joto la chumbani, huhitaji mkazo mkubwa zaidi kwa makumi ya mara. Ndiyo maana fundi anayekunja bamba baridi husikia limekatika kabla hajafika alikokusudia.

Kati ya kuteleza na kupasuka, magnesiamu ina njia ya tatu, na hii ndiyo inayoifanya iwe ya ajabu kuliko metali nyingi tulizozizoea. Wataalamu huiita upacha. Sehemu ya chembe hugeuka yote kwa pamoja, atomu zake zikijipanga upya kwa pembe ya digrii 86 hivi kutoka zilivyokuwa, na kuwa kama taswira ya sehemu iliyobaki inapotazamwa kwenye kioo. Ukiiweka sampuli iliyokunjwa kidogo chini ya hadubini unaviona vipande hivyo vya pacha vikikatiza chembe kama michirizi yenye ncha kali. Upacha haufuati pande zote. Hutokea chembe inapovutwa kufuata mhimili wake mrefu, au kubanwa kwa ubavuni, na si kinyume chake. Matokeo yake ni jambo ambalo mhandisi aliyelelewa kwenye chuma hulishangaa: fimbo ya magnesiamu iliyosukumwa kupitia tundu la kalibu inaweza kustahimili mkazo fulani ikivutwa, kisha ikasalimu amri kwa karibu nusu ya mkazo huo ikibanwa. Tena upacha una kikomo. Ukishaimaliza chembe nzima umetoa badiliko la urefu la asilimia 6 na ushei, basi. Kutoka hapo chembe imegeukia upande mgumu na mkazo unapanda kwa ghafla. Grafu ya jaribio la kubana bamba kwa ubavuni inaonyesha haya bila kificho: inaanza kwa kulala, kisha inainuka kwa mkunjo mkali mithili ya herufi S.

Sasa lete moto. Joto hufungua zile njia zilizofungwa. Kuteleza kwenye matabaka ya ubavuni na ya mshazari hutegemea mtikisiko wa atomu, na kadiri halijoto inavyopanda ndivyo mkazo unaohitajika unavyoshuka. Upacha, kinyume chake, haujali sana joto. Kwa aloi ya AZ31, ambayo ina takriban asilimia 3 ya alumini na asilimia 1 ya zinki na ndiyo inayotumika zaidi kwa mabamba, mambo hugeuka kati ya nyuzi 200 na 250 za Selsiasi. Chini ya hapo upacha na matabaka ya msingi ndivyo vyenye mamlaka. Juu ya hapo kuteleza kwa aina zote kunachukua nafasi, na bamba lililokuwa likikatika linakunjika. Viwanda vilijua hili zamani. Ndege kubwa ya kivita ya Marekani, Convair B-36, iliyoruka mara ya kwanza 1946, ilivikwa mabamba mengi ya magnesiamu. Joto linaleta pia jambo la pili, ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote. Kwenye nyuzi 300 hadi 400, chembe zilizobanwa hazivumilii kukaa zimepondeka. Mipakani mwake huota chembe mpya, ndogo, safi, zikizunguka chembe kuukuu kama mkufu, na polepole zinaitafuna mpaka imekwisha. Metali inajifuma upya ikiwa bado chini ya rola. Mkazo unapanda hadi kilele, kisha unashuka na kutulia kwenye makumi machache tu ya megapaskali.

Mpaka hapa hadithi ni nyepesi: pasha moto, mambo yatakuwa mazuri. Kasi ndiyo inayoitatiza. Jaribio la kawaida la maabara huibadilisha sampuli umbo kwa kiwango cha 0.001 kwa sekunde, maana yake kuifupisha kwa asilimia 10 huchukua sekunde 100. Kiwandani, bamba linapopita kati ya rola zinazozunguka kwa kasi, au linaporushwa kwenye kalibu kwa nguvu ya sumaku, kiwango kinaweza kufika mamia au hata 1,000 kwa sekunde. Kwa kiwango hicho cha mwisho asilimia 10 ile ile huisha ndani ya sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Vivyo hivyo kwenye ajali ya gari, sehemu zinazopondeka hupitia viwango vya mamia kwa sekunde. Mwaka 1944 Clarence Zener na John Hollomon, wakichunguza chuma, walitoa kanuni inayounganisha mambo haya mawili: kuongeza kasi ni sawa na kupunguza joto, kwa sababu atomu zinazohitaji muda wa kutikisika hazipewi muda huo. Hebu tuitumie kanuni hiyo kwa magnesiamu, tukichukua nishati ya kilojuli 135 kwa moli, ambayo ndiyo inayohitajika atomu zake zihamehame. Sampuli iliyopashwa hadi nyuzi 400 kisha ikagongwa kwa kiwango cha 1,000 kwa sekunde inapaswa kujiendesha kama sampuli ya takriban nyuzi 155 inayobanwa polepole. Hesabu hii ni ya kukadiria, lakini inachosema ni kizito. Tanuri linasoma 400. Metali, kwa jinsi inavyoteleza na kugeuka, iko chini ya ule mpaka wa nyuzi 200.

Makadirio yanahitaji ushahidi, na upo. Kifaa kinachotumika kupimia kasi hizi kinatokana na kazi ya Bertram Hopkinson ya 1914, iliyoboreshwa na Herbert Kolsky mwaka 1949. Ni nondo mbili ndefu za chuma zilizolazwa kwa mstari mmoja, na kipande cha magnesiamu cha milimita chache kimebanwa katikati. Nondo ya tatu, fupi, inarushwa kwa gesi iliyoshindiliwa na kugonga ya kwanza. Wimbi la mgongano huo linasafiri, linapita kwenye sampuli, na vihisio vilivyogundishwa juu ya nondo vinalisoma likienda na likirudi. Jambo zima huisha ndani ya mikrosekunde mia moja au mia mbili. Kwa majaribio ya moto, sampuli huwekwa ndani ya tanuri dogo na nondo husogezwa ziiguse dakika ya mwisho kabisa, vinginevyo zingeinyonya joto. Mwaka 2010 watafiti wa Hispania walichapisha matokeo ya AZ31 iliyojaribiwa hivyo kwa kiwango cha 1,000 kwa sekunde, kuanzia joto la chumbani hadi nyuzi 400. Waliona kwamba kasi iliuongeza upacha kwa kiwango kikubwa sana, na kwamba mkazo wa kufungua zile njia ngumu ulishuka taratibu zaidi kwa joto kuliko unavyoshuka kwenye majaribio ya polepole. Hilo linaafikiana na hesabu yetu. Lakini waliona na jingine, ambalo mtu aliyeishia kwenye kanuni ya Zener na Hollomon asingelitarajia: katika baadhi ya pande za kupakia mzigo, kasi ilichelewesha kupasuka.

Hapa ndipo usemi wa haraka haraka haina baraka unapokosea kwa magnesiamu. Ikiwa kasi ni baridi, na baridi ni kupasuka, kwa nini metali igongwe kwa nguvu na idumu zaidi? Jibu la kwanza liko kwenye upacha wenyewe. Sio upacha wote una madhara. Ule unaotokea chembe inapobanwa kwa mhimili wake mrefu ni mwembamba na hufungua njia ya nyufa. Ule wa kuvutwa, tulioueleza, hugeuza chembe na kusambaza badiliko la umbo sehemu nyingi. Kasi iliongeza huu wa pili bila kuuongeza sana ule wa kwanza. Jibu la pili ni joto linalotoka ndani. Tangu majaribio ya Taylor na Quinney ya 1934 inafahamika kwamba sehemu kubwa ya kazi inayotumika kukunja metali, mara nyingi huchukuliwa kuwa asilimia 90, hugeuka kuwa joto. Kazi ikifanywa polepole, joto hilo hupotelea kwenye rola na hewani. Ikifanywa kwa kasi, halipati muda wa kutoroka. Na magnesiamu, kwa kuwa ni nyepesi, hupata moto upesi: mita ya ujazo ya magnesiamu inahitaji karibu megajuli 1.8 ili ipande nyuzi moja, ilhali ya chuma inahitaji karibu maradufu. Chukua bamba linalopunguzwa unene hadi nusu kwa mkazo wa wastani wa megapaskali 200. Kazi inayofanyika, ukiondoa sehemu ndogo inayobaki imefungiwa ndani ya fuwele, inatosha kulipandisha joto kwa nyuzi 70 hivi. Bamba lililoingia kwenye rola likiwa na nyuzi 180 linatoka likiwa na nyuzi 250. Limevuka mpaka likiwa njiani, bila tanuri.

Faida ya jambo hili ni ya fedha kabisa, na ndiyo inayonifanya nilishikilie. Bei ya bamba la magnesiamu haiamuliwi na madini yake pekee. Mchakato wa kulitengeneza nao una sehemu kubwa. Kwa desturi, kiwanda hulipasha bamba, hulipitisha kwenye rola kwa punguzo dogo, rola baridi hulipoza, hurudishwa tanurini, hupitishwa tena, na kuendelea mara nyingi mpaka liwe jembamba. Kila mzunguko una gharama ya nishati, muda na kingo zilizopasuka zinazokatwa na kutupwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Osaka, katika miaka ya 2000, walijaribu kinyume cha desturi hiyo: waliipitisha AZ31 kwenye rola zenye kasi ya hadi mita 2,000 kwa dakika, na wakaweza kupunguza zaidi ya nusu ya unene kwa mpito mmoja. Kasi ilifanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Ililinyima bamba muda wa kupozwa na rola, na ililipasha kutoka ndani. Anayesema magnesiamu haifinyangiki anapaswa kwanza aeleze jambo hili.

Upo upande wa pili wa kisu, na sitaupita kimya. Joto la ndani halijui mahali pa kusimama. Katika aloi zenye alumini nyingi kama AZ91, ambayo ina asilimia 9, kuna mchanganyiko wa magnesiamu na alumini unaoanza kuyeyuka kwenye nyuzi 437, mbali chini ya nyuzi 650 ambazo ni kiwango cha kuyeyuka cha magnesiamu safi. Ukiisukuma AZ91 ya moto kupitia kalibu kwa haraka, uso wake hufika hapo na nyufa huchanuka pembeni, ndiyo maana viwanda hulazimika kuisukuma taratibu sana ukilinganisha na alumini laini ya madirisha. Pia, kwa kuwa metali iliyopata moto hulegea, sehemu iliyotangulia kupata moto hulegea kwanza, badiliko lote hukimbilia hapo, na ukanda mwembamba hukatika wakati pembeni yake bado pazima. Kwa hiyo sidai kwamba kasi ni dawa. Kuna eneo, tuseme dirisha, la joto na kasi ambamo kila aloi hukubali kufinyangwa, na dirisha la AZ31 si la AZ91. Kazi ya mtaalamu ni kulichora dirisha hilo, na halichoriki kwa jaribio moja la polepole.

Wako wanaosema kazi hii yote ni ya bure kwa sababu kemia imekwisha kulitatua tatizo. Ukiongeza kiasi kidogo cha madini adimu, kama seriamu au neodimiamu, chembe za bamba hazilali tena zote upande mmoja na magnesiamu hukunjika vizuri zaidi hata kwenye joto la chini. Ni kweli, na aloi ya ZEK100 ni ushahidi. Tanzania yenyewe ina akiba ya madini ya jamii hiyo huko Ngualla, mkoani Songwe. Lakini madini hayo yanahitajiwa pia kwa sumaku za mota za umeme na mitambo ya upepo, bei yake huyumba, na hata aloi iliyotiwa madini hayo bado ina fuwele ya pembesita na bado hugeuka upacha ikigongwa. Kemia imelipanua dirisha, haijaliondoa. Wengine huogopa moto, na hofu yao ina msingi: unga na vipande vyembamba vya magnesiamu hushika moto upesi, na maji yakimwagwa juu yake hutoa haidrojeni na kuuchochea. Mafundi wa gereji wanaosaga au kuchomelea kipande wasichokijua wanapaswa kuwa na mchanga mkavu karibu. Ila kipande kizima cha bamba si unga. Joto hutawanyika ndani yake haraka, na kwa kawaida lazima kikaribie kuyeyuka ndipo kiwake. Nyongeza ya kalsiamu hukipandisha kiwango hicho juu zaidi. Nyuzi 250 za rola ziko mbali na hapo. Pingamizi ambalo sina jibu lake kutoka kwenye fizikia ya kukunja ni la hewa chafu: sehemu kubwa ya magnesiamu ya dunia hutengenezwa China kwa njia ya Pidgeon, ambayo kwa kila kilo moja ya metali hutoa zaidi ya kilo 20 za kaboni dioksidi. Hilo litatatuliwa kwenye tanuri za kuchenjua, si kwenye rola.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa wahandisi wenyewe. Wanasema kompyuta zao tayari zinazingatia joto na kasi, kwa kutumia mlinganyo wa Johnson na Cook wa 1983 ambao umo ndani ya programu nyingi za kuigiza ajali. Uzingatieni vizuri mlinganyo huo. Una mabano matatu yanayozidishwa: la kwanza la badiliko la umbo, la pili la kasi, la tatu la joto. Kuzidisha huko ni sawa na kusema kwamba athari ya kasi ni ile ile uwe kwenye nyuzi 25 au 350, na iwe unavuta au unabana. Kwa metali ya mchemraba makosa yake mara nyingi yanavumilika. Kwa magnesiamu, bamba likibanwa ubavuni kwenye joto la chumbani, upacha ndio unaoamua mkazo wa mwanzo na kasi haiubadilishi sana mkazo huo. Likivutwa upande ule ule, kuteleza ndiko kunakoamua na mkazo unapanda pamoja na kasi. Seti moja ya namba haiwezi kusema kweli pande zote mbili. Mhandisi anayeitumia atatengeneza kipande kizito kupita kiasi kwa woga, au chepesi kupita kiasi kwa kutojua, na mara zote mbili lawama itaiangukia metali.

Kwa wanaofundisha uhandisi Dar es Salaam, Nairobi na Kampala nina ombi moja. Kifaa cha Hopkinson na Kolsky si mtambo wa mabilioni. Nondo ndefu zilizonyooka, bomba la gesi, vihisio na osiloskopu vinatosha kuanzia, na tanuri dogo huongezwa baadaye. Mwanafunzi aliyeipima mwenyewe AZ31 kwa kasi tatu, halijoto tatu na pande mbili ataelewa zaidi kuliko aliyekariri jedwali. Na kwa yeyote anayenunua au kusanifu kipande cha magnesiamu: jedwali linalotaja nguvu yake kwa namba moja, bila halijoto, bila kasi na bila kusema kama kilivutwa au kilibanwa, halifai kutumika.